Tulivyogawana Wachezaji wa Kriketi kwa Mafungu

Kuna jambo limenipunguzia heshima mtaani kwetu Lipangalala, na heshima yenyewe haikuwa nyingi: mimi ni shabiki wa kriketi. Mpira naupenda pia, lakini kriketi ndiyo inayonikosesha usingizi. Nazungumzia ile ndefu, ya watu waliovaa nguo nyeupe kama wanakwenda kubatizwa, wanasimama uwanjani siku tano, na kila siku wanatoka kwenda kunywa chai. Nikiieleza darasani, wenzangu wananisikiliza vizuri mpaka wanapouliza swali lao moja, "Siku tano, halafu nani anashinda?" Nami nasema ukweli, kwamba mara nyingine hakuna. Hapo wanaondoka.

Ugonjwa huu niliupata kwenye mashine ya mpunga nyuma ya nyumba yetu. Fundi wa mashine ile ni mzee wa Kihindi aliyeletwa miaka mingi iliyopita kufunga mitambo, na mpaka leo hajamaliza kuifunga, maana akikaza huku, mkanda unakatika kule. Ana chumba kidogo pembeni, chenye kitanda, jiko la gesi, picha za wajukuu zake na televisheni yenye dishi. Mama akinituma kukoboa, foleni ilikuwa ndefu, pumba zinaruka, nje jua. Ndani kwa fundi kuna feni. Unadhani ningekaa wapi?

Mwanzoni nilitazama ili nipate la kuigiza shuleni. Kulikuwa na yule mwamuzi anayenyoosha kidole kimoja juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, na mtu mzima mwenye ndevu akionyeshwa kile kidole anaondoka uwanjani karibu na kulia. Niliiga kidole kile mstarini mpaka mwalimu wa zamu akanionyesha chake, kikielekea ofisini. Lakini baada ya muda sikuwa natazama kwa ajili ya kuigiza. Nilikuwa natazama tu. Mrushaji anakimbia kutoka mbali, anarusha, mwenye gongo, ule ubao wa kupigia, anazuia usiguse vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake, mpira unalala miguuni pake. Hakuna kilichotokea. Wanarudia. Mashine inanguruma nje, fundi anamenya kitunguu, na hakuna anayemharakisha mtu. Sijui nieleze vipi. Ni kama kukaa ukitazama mto.

Fundi ndiye aliyetuambia, mimi na rafiki yangu niliyemwambukiza, kuna mchezo ndani ya mchezo. Kwao, alisema, kabla ya mechi watu wanagawana wachezaji halisi, kila mtu anakuwa na timu yake ya kufikirika. Mchezaji wako akifanya vizuri kule Uingereza, wewe unapata pointi hapa ulipokaa.

"Yaani yeye atoke jasho, mimi nipate?" aliuliza rafiki yangu.

"Hivyo hivyo."

"Kama bosi," alisema rafiki yangu, akajiunga siku ileile.

Huyu rafiki yangu ni Msukuma, tunasoma naye kidato cha tatu, kwao ni Katindiuka na ng'ombe wao wanawajua kwa majina kuliko mimi ninavyowajua ndugu wa baba. Wa tatu kwenye kikosi chetu alikuwa mdogo wangu wa kike, kidato cha pili, mtu wa hesabu mpaka inaudhi. Ukimwambia "subiri kidogo" anakuuliza kidogo ni dakika ngapi.

Tulicheza mara kadhaa bila la kushindania, kwa kelele tu. Mwaka huu tulikuwa na la kushindania, nalo lilikuwa dungu.

Kwa asiyelima mpunga, dungu ni jukwaa la miti katikati ya shamba, lina kijipaa cha nyasi, na juu yake anakaa mtu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kuingia maziwa, kwelea kwelea wanakuja kwa wingi wa kutia giza, na usipokuwepo mtu wa kupiga debe na kurusha mabonge ya udongo tangu alfajiri mpaka jua lizame, utavuna majani. Mwaka huu wenzetu wengi walishavuna, sisi bado. Mafuriko yalizamisha miche yetu ikabidi mama apandikize upya, na mpunga wa kuchelewa una balaa moja, ndege wote wa bonde wanakuja kwako kwa sababu kwa wengine pameisha.

Shamba letu na la akina rafiki yangu yamepakana, dungu liko mpakani, na mama zetu walikuwa wamekubaliana kwamba likizo ya Juni mtoto mmoja akae pale kwa niaba ya nyumba zote mbili. Mama alitangaza jioni, akichambua mboga.

"Mmoja. Mpaka mpunga ukomae. Amueni wenyewe, na msiniletee kelele."

"Mwaka jana nilikaa mimi," alisema mdogo wangu.

"Mwaka jana si mwaka huu."

Mdogo wangu aliinamisha uso. Mwaka jana alirudi amekonda, sauti imekauka kwa kupiga kelele, akaumwa malaria wiki nzima ya kwanza ya muhula. Nami, kaka yake mpendwa, nilimpokea kwa kumwita sanamu ya shamba.

Rafiki yangu hakutaka dungu kwa sababu alishaahidiwa na mjomba wake kwenda naye minadani. Na mimi? Mimi sikuwa na sababu ya maana kama hizo. Kule hakuna mtandao, sawa, na mechi nyingine zilikuwa zinakuja. Lakini kilichoniogopesha hasa ni ukimya. Mtu kama mimi bila watu wa kucheka ni redio isiyo na betri. Nani angenisikiliza kule, vyura?

Basi tukakubaliana. Mechi ya siku tano ilikuwa inaanza Uingereza siku shule inapofungwa, wenyeji dhidi ya New Zealand. Kwa siku hizo tano mama angekaa mwenyewe dunguni. Mechi ikiisha, mwenye pointi chache kuliko wote ndiye anapanda.

Kugawana ndiko kulikozua mjadala. Fundi alisema tuchague kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu akakataa palepale.

"Anayeanza anachukua aliye bora. Huo ni wizi wa kupangiwa foleni."

"Sasa unataka nini?" nilimuuliza.

"Tufanye kama babu na samaki."

Babu, baba yake mama, ni mvuvi wa siku nyingi. Miguu ilipochoka alihamia kwetu, na sasa kazi yake ni kukaa kibarazani akikosoa jinsi watu wanavyoshona nyavu. Alituambia mara nyingi jinsi walivyogawana kambini mtoni. Samaki wote wanamwagwa juu ya majani. Mmoja anapanga mafungu, anahakikisha kila fungu lina mkubwa, wa wastani na wadogo. Mwingine anageuka, anaupa umati mgongo. Mpangaji anaelekeza fimbo kwenye fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka, bila kuona, anataja mtu. Basi, limekuwa lako. Baada ya hapo hakuna kubadilishana, hata kama samaki wako mmoja ameanza kunuka. Babu alisema watu walishapigana makasia kwa sababu ya kubadilishana. Kinachoruhusiwa ni kutoa. Ukitaka kumpa mwenzio samaki kutoka fungu lako, mpe mbele ya watu, na ukishatoa umetoa.

Fundi alisikiliza yote hayo, akatikisa kichwa kwa ile namna yake ambayo hujui kama amekubali au amekataa, akasema, "Mimi nataka kuona hii."

Tukakusanya vizibo vya soda, kila kizibo mchezaji mmoja. Majina yao halisi yalitushinda kuyaandika kwenye kizibo, kwa hiyo kila mmoja tulimpa la kwetu. Kulikuwa na Twiga, mrushaji mrefu kupindukia. Kulikuwa na Bwana Afya, ambaye hakosi bandeji. Wadakaji wa nyuma ya vijiti, wale wenye glovu, mmoja tulimwita Chura kwa anavyochuchumaa, na yule wa wenyeji tulimwita Paka kwa anavyoruka. Na kulikuwa na Mstaafu, mrushaji mzee wa Uingereza mwenye kitambi, anayerusha mpira polepole ukizunguka hewani, kila mwaka wanasema huu ndio wa mwisho kwake.

Babu alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa mashine, majani ya mgomba yametandikwa, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kukoboa wakasogea kuangalia. Tatizo lilikuwa kwamba babu hajawahi kuona kriketi hata dakika moja.

"Huyu nani?" alishika kizibo.

"Huyo ni mpigaji wa kwanza wa New Zealand, babu. Anakaa muda mrefu sana bila kutolewa."

"Ni kambale?"

Tukatazamana. "Ni kambale, babu," alisema rafiki yangu. "Mkubwa."

"Na huyu?"

"Twiga. Anarusha kwa nguvu."

"Ana nyama?"

"Mwembamba, lakini ana nyama."

"Kitoga huyo," alisema babu, akamweka kando. "Ana miba ila ni mtamu. Na huyu?"

"Mstaafu huyo," nilidakia. "Perege wa juzi."

Wanawake wakacheka, nami nikavimba kichwa. Hivyo ndivyo wachezaji ishirini na wawili wa mataifa mawili yaliyoendelea walivyopangwa kuwa kambale, kitoga na perege, na aliyewapanga ni mzee aliyedhani wote wanacheza kwa miguu. Yalipatikana mafungu matatu ya saba saba, na kizibo kimoja kikabaki.

"Huyu ni samaki wa mtumbwi," alisema babu. "Anakwenda kwa mwenye chombo."

Mwenye chombo ni nani? Mwenye televisheni. Fundi alikabidhiwa kizibo chake kwa mikono miwili. Alikuwa Bwana Afya.

Mdogo wangu akageukia ukuta. Babu akaelekeza fimbo. "Hili la nani?"

"La Msukuma."

"Hili la nani?"

"La kaka."

La mwisho likawa lake. Tukayainamia mafungu yetu kama watu wanaokagua mitihani. Rafiki yangu alipiga kelele mpaka fundi akaruka. Alikuwa amepata wapigaji wawili wa kwanza wa New Zealand, wote wawili, wale wanaoanza pamoja, mmoja wa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia.

"Maksai wangu!" alisema. "Mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, hawa wamefungwa nira moja. Mkinipa hawa naweza kulima mpaka Mang'ula."

Mimi nilipata Chura na Paka, wadakaji wote wawili, nikaona nimebarikiwa, maana mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini mpigaji ametoka, na kwetu kila daka lilikuwa pointi kumi. Wiketi, yaani kumtoa mpigaji, ilikuwa pointi ishirini kwa mrushaji, hata kama aliyedaka ni mwingine. Mkimbio mmoja, yaani wapigaji kubadilishana upande mara moja, pointi moja. Nilikuwa na wapigaji wazuri pia. Na mkiani mwa fungu langu alikuwa amekaa Mstaafu.

Mdogo wangu alipata warushaji watupu, Twiga na wenzake, na mpigaji mmoja wa kusingizia. Alikuwa anavihesabu vizibo vyake kimyakimya, anavipanga upya, kana kwamba vikikaa vizuri vitaongezeka. Watu walikuwa wanatuangalia. Sasa mimi, nikiona watu wanatuangalia, mdomo wangu unatangulia mbele na akili inabaki nyuma inafunga kamba za viatu.

Nikachukua kile kizibo, nikasimama, nikasafisha koo kama mgeni rasmi. "Mimi, kwa moyo mkunjufu, nikiona hali ngumu ya familia hii, namkabidhi mdogo wangu huyu mzee hapa, ili asipande dunguni peke yake. Watakwenda wote wawili kupumzika."

Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja alilazimika kukaa juu ya gunia.

"Sitaki msaada wako," alisema mdogo wangu.

"Hukatai samaki," alisema babu, bila kucheka. Kisha akanigeukia mimi. "Umetoa?"

"Nimetoa, babu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote hawa."

"Haya. Pokea, mjukuu wangu."

Mdogo wangu akapokea, akamtia Mstaafu mfukoni mwa sketi yake ya shule.

Siku ya kwanza ilinyesha mvua kule Uingereza. Mvua yenyewe ile ambayo kwetu mtu anaendelea kupalilia, lakini wao wakaburuta turubai kubwa na kufunika uwanja, kama sisi tunavyofunika mpunga ulioanikwa. Tulikaa kwa fundi tangu saa saba mchana tukitazama turubai. Rafiki yangu alisema ni turubai zuri.

Siku ya pili wenyeji walipiga kwanza, kisha jioni yake na siku ya tatu nzima zikawa za maksai. Walipiga, wakapiga, wakapiga. Hawakuwa na haraka. Mpira mbaya wanauadhibu, mzuri wanauacha upite, na rafiki yangu akiwa mlangoni anawasifu kwa Kisukuma kama wako mbele ya jembe. Warushaji wa mdogo wangu walitoka jasho bure. Twiga alirusha mpaka akawa anainama kushika magoti. Mstaafu aliingizwa mara moja, akapigwa mpira wake wa kwanza ukaenda kuangukia kwa watazamaji, na mimi nikamuuliza mdogo wangu kama pensheni inalipwa kwa mwezi au kwa mkupuo.

Samaki wa mtumbwi naye alipigwa na mpira kidoleni, akatoka na hakurudi. "Wangu ameoza," alisema fundi, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Siku ya nne wenyeji walipiga tena, na jioni hesabu ilikuwa hivi: rafiki yangu alikuwa juu mno, hakuna wa kumfikia. Mimi nilikuwa wa pili. Mdogo wangu alikuwa mbali, chini kabisa, na hakuna aliyehitaji kupiga hesabu mara mbili kujua nani atabeba debe. Nyumbani nilimtolea kofia ya zamani ya ukindu, nikaiweka juu ya begi lake. Alikuwa anapiga pasi nguo za mama.

"Naona umenifungia mzigo," alisema.

"Upendo tu."

"Siku tano hazijaisha."

"Zimebaki saa chache. Hao New Zealand kesho wanazuia tu mpaka muda uishe, mechi inaisha bila mshindi, mimi nabaki na feni."

Alilaza pasi kando, akaanza kukunja upya nguo aliyokwisha kuikunja. Aliogopa, huyu mtoto. Aliogopa kweli kurudi kule. Nilitaka kusema kitu, kikaja kichekesho, nikakimeza. Nikaenda kulala.

Siku ya tano uwanja ulikuwa umebadilika. Fundi alitwambia tuuangalie ule ukanda wa katikati wanapokimbilia. Siku ya pili ulikuwa laini na wa kijani. Sasa ulikuwa umepauka na kupasuka kama majaruba ya mpunga yaliyokosa maji, na pale penye nyufa mpira ukidondoka haujui wenyewe uelekee wapi.

"Leo si siku ya wenye nguvu," alisema fundi, akazima jiko, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya katikati ya kupika. "Leo mpe mzee."

Wakampa mzee. Mstaafu akaja na kitambi chake, hatua fupi fupi kama anayekwenda dukani, akauachia mpira hewani. Ukaenda polepole mno, mpigaji akajiandaa kuusubiri, ukagusa ufa, ukakata kona, ukaangusha vijiti. Maksai wa kulia alikuwa ametoka. Rafiki yangu alishika kichwa, ingawa yeye hakuwa na cha kupoteza.

"Ishirini," alisema mdogo wangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ishirini."

Ikaja wiketi nyingine. Na nyingine baada ya chai. Kila mara "ishirini" ile ndogo kutoka kwenye kona aliyokaa juu ya gunia la pumba, magoti yameshikamana. Nilijaribu kutania. Nilisema mzee ameahidiwa nyongeza. Hakuna aliyecheka, hata rafiki yangu, alikuwa ameinama mbele anatazama. Nje mashine ilizimwa kwa ajili ya jioni, na ukimya ulipoingia chumbani ndipo tuliposikia sauti ya mpira ukigonga gongo, tok, kama mtu anabisha hodi mbali.

Ilipokaribia saa mbili usiku New Zealand walibakiwa na wapigaji wa mwisho wawili. Akitoka mmoja wao, mechi imeisha. Wakivumilia mpaka muda uishe, mechi inaisha hivyohivyo bila mshindi. Nilikuwa namzidi mdogo wangu kwa pointi saba.

"Saba," alisema, kana kwamba nilimuuliza.

"Wavumilie tu," nilisema. "Zuia, ndugu yangu. Zuia."

Aliyekuwa na gongo alikuwa mrushaji maskini ambaye kupiga si kazi yake, na alizuia kwa moyo wote, macho yametoka. Nilimpenda mtu yule. Mstaafu akarusha, akazuia. Akarusha, akazuia. Babu, aliyeletwa na kelele za siku zile na sasa alikuwa mlangoni na fimbo yake, aliuliza yupi ni kambale, tukamwambia babu subiri.

Mstaafu akaja tena. Mpira ukapanda, ukashuka, ukagusa ufa, ukaruka, ukaparuza pembe ya gongo. Nyuma ya vijiti alikuwa Paka. Paka wangu. Mpira ulikuwa unakwenda mbali naye, chini, upande wa kushoto, na akaruka akiwa amelala hewani, mwili mzima umenyooka, glovu moja imetangulia, akaudaka sentimita chache juu ya nyasi, akabingirika nao.

Niliruka juu. "Pakaaa! Umeona? Umeona daka hilo? Kumi! Kumi zangu!" Nilimkumbatia rafiki yangu, nikampiga fundi begani, nikazunguka chumba kizima. Lilikuwa daka zuri kuliko yote niliyowahi kuona na mdakaji alikuwa wangu.

Rafiki yangu alikuwa ananitazama kwa huruma. "Mwanangu," alisema. "Mrushaji nani?"

Nikasimama.

Kumi zangu. Ishirini zake. Angeudondosha tu, yule mpumbavu, angekuwa na mikono ya kawaida kama watu wengine, ningekuwa salama. Badala yake alikuwa anabebwa na wenzake uwanjani, anacheka, na mimi nilikuwa nyuma kwa pointi tatu, nikiwa nimeshangilia kabla ya kila mtu.

Nilimgeukia babu. "Babu, lakini yule mzee alikuwa wangu."

"Alikuwa," alisema babu.

Mdogo wangu aliendelea kukaa juu ya gunia. Alikuwa ameficha uso ndani ya mikono, mabega yanapanda na kushuka, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipoinua kichwa, ikawa yote mawili. Alijipangusa kwa kanga ya mama aliyojifunga, akaja mbele yangu.

"Asante kwa zawadi, kaka," alisema.

Tulipofika nyumbani niliitoa ile kofia juu ya begi lake nikairudishe mahali pake.

"Ivae wewe," alisema. "Jua la kule ni kali."

Asubuhi yake, kabla hakujapambazuka vizuri, mama alinipa debe, unga, maharage, dawa za malaria na maneno machache. Kwamba nisikae karibu na maji jioni. Kwamba ndege wa asubuhi ndio wabaya. Halafu akanitengeneza kola ya shati kama nakwenda mtihani. Alikuwa amechoka, siku tano za dungu zilikuwa zimekaa usoni pake, naye aliondoka kwenda kulala.

Dungu lilikuwa kama nilivyolifikiria. Linayumba. Chini mpunga umefika kiunoni, kijani kinachoanza kugeuka, na mbele kabisa milima ya Udzungwa imejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuamka. Kwelea kwelea walikuja kama moshi. Nilipiga debe, wakainuka, wakazunguka, wakatua upande wa pili. Nikakimbilia upande wa pili. Wakarudi. Wale hawana haraka, wanakutazama ukichoka.

Mama yake rafiki yangu alipita na kibuyu cha maziwa ya mgando, akanisalimu, "Mwangaluka," nikaitika na kumwamkia shikamoo kwa kuongezea. Aliniuliza kama ni kweli nimeletwa hapa na Mzungu mmoja aliyedaka mpira. Nikamwambia ni kweli. Alifikiri kidogo, akasema ninywe maziwa.

Siku zile za mwanzo nilijichezea kriketi. Nilifinyanga mabonge ya udongo, nayaanika, nayarusha kwa mkono ulionyooka kuanzia begani, maana kwenye kriketi ukikunja kiwiko wakati wa kurusha umevunja sheria. Nilitangaza mwenyewe, nikashangilia mwenyewe. Mabonge yaliangukia kila mahali isipokuwa penye ndege.

Shamba la tatu kutoka letu lilikuwa na dungu jingine, na juu yake bibi mmoja mwenye kanga kichwani, ambaye kwa siku mbili hakusema neno, ananitazama tu. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"We mtoto!" Sauti yake ilivuka mpunga bila shida. "Mkono wako umekufa?"

"Shikamoo bibi! Hapana!"

"Marahaba! Mbona hukunji?"

"Ni sheria bibi!"

"Ya nani?"

"Ya Waingereza!"

Aliipima ile sheria. Ndege walikuwa wametua katikati yetu, wanakula.

"Na hao," akaonyesha kwa kidevu, "wameambiwa?"

Nikawatazama ndege. Nikaokota bonge jingine, nikakunja mkono.